Ngoma ya juzi nani ataifundisha?

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alisimama mbele ya Bunge akatoa hotuba yake ya kwanza akiwa Rais. Katika hotuba hiyo alitangaza kuundwa kwa wizara mpya, Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na akaeleza sababu. Kwa kifupi alisema kwamba tulijifunza kucheza rumba, cha-cha-cha, waltz, foxtrot na twist, tukazicheza kwa ufundi, lakini wengi wetu hatukuwahi hata kulisikia jina la gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama.

Ndugu msikilizaji, hotuba ile ilikuwa ya haki na ilikuja kwa wakati wake. Mtoto aliyepita shule ya mkoloni alikuwa akiona haya kusimama katika ngoma ya babu yake. Lakini tangu siku ile, pole pole, ngoma zetu zimetiwa katika vikapu viwili. Kikapu kimoja kimeandikwa "asili", nacho kina wizara, vyuo, makumbusho na mashindano. Kikapu cha pili kimeandikwa "dansi", nacho kina kumbi, bendi, redio na fedha. Leo nataka kuzungumzia zile zilizoanguka chini katikati ya vikapu hivi viwili. Mimi naziita ngoma za juzi. Hazikutoka kwa mababu wa kale, na wala si za vijana wa leo. Zilizaliwa zama za ukoloni, kwa akili na miguu ya babu zetu wenyewe. Mzee wa mila akiziona husema ni Uzungu. Kijana wa bongo fleva akiziona husema ni ushamba.

Kilichonisukuma ni barua kutoka Kansay. Kwa wasiopajua, Kansay ni kata katika Wilaya ya Karatu, nchi ya Wairaqw, mahali ambapo gari la watalii linalokimbilia kreta ya Ngorongoro halina sababu ya kupita. Aliyeniandikia ni mwalimu wa shule ya msingi, mwenyeji wa mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, aliyepangiwa kazi huko. Alitakiwa kuandaa watoto kwa fani za ndani katika michezo ya UMITASHUMTA, kwaya na ngoma. Yeye anaijua ngoma moja vizuri, nayo ni mganda. Basi akawafundisha watoto wa Kiiraqw mganda. Watoto wakaupenda. Siku ya wazazi wakauonyesha, na mzazi mmoja akasimama akasema kwa adabu lakini kwa uzito: hii si ngoma ya asili, hili ni gwaride. Kama ni ngoma tufundishieni yetu, na kama ni gwaride wapelekeni watoto mgambo.

Mwalimu anauliza: mganda ni ngoma au si ngoma? Aendelee au aache?

Haraka yangu ilikuwa kumjibu kwa mstari mmoja. Lakini swali lake lina historia ndefu kuliko yeye anavyodhani, na pengine kuliko alivyodhani yule mzazi.

Mganda una mzazi wake, anaitwa beni. Jina lenyewe ni neno la Kiingereza la bendi lililolainishwa na ulimi wa pwani. Beni ilianza Mombasa na Lamu katika miaka ya 1890. Vijana wa miji hiyo walikuwa wameona bendi za matarumbeta kila upande: bendi ya Sultani wa Zanzibar, bendi za manowari za Kizungu zikitia nanga, na bendi ya misheni ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 karibu na Mombasa kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Wakatafuta tarumbeta, ngoma kubwa na filimbi. Wakashona sare. Wakajipa vyeo. Mombasa ikapata makundi yenye majina kama Kingi, Settla na Scotchi, na makundi hayo yakashindana kwa magwaride, kwa karamu na kwa nyimbo za kuchambuana.

Wengi wakisikia habari hii husema basi, ni kuiga tu. Mimi sikubali. Pwani ilikuwa na mashindano ya mtaa na mtaa kabla Mzungu hajafika na bendi yake; watu walikuwa wakishindana kwa ngoma, kwa mashairi na kwa kuchinja ng'ombe mpaka wakafilisika. Vijana wa beni waliyachukua mashindano yale ya kale wakayavika koti jipya la jeshi. Gwaride la mkoloni lilikuwa la kutii amri. Gwaride la beni lilikuwa la kumshinda jirani. Mtu ambaye siku sita alikuwa karani, mpishi au kuli, siku ya saba alikuwa Jenerali, na watu walimpigia saluti kwa sababu wao wenyewe ndio waliompa cheo. Huyo hakuwa akimuiga bwana mkubwa. Alikuwa akionyesha kwamba ubwana mkubwa ni vazi, na vazi likipatikana hata yeye linamkaa.

Upande wetu, wakati wa Mjerumani, beni iligawanyika katika matawi mawili makubwa, Marini na Arinoti. Marini, jina la wanamaji, walikuwa watu wa pwani, waliosoma, wenye kazi za mikono safi. Arinoti walikuwa watu wa bara, wapagazi na vibarua waliofuata kazi mjini. Ukitaka kujua tabaka za Dar es Salaam kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, usisome sensa. Tazama nani alicheza na nani.

Kisha ikaja 1914. Vita vya Ulaya vikapiganwa katika mashamba yetu. Mwaka 1916 jeshi la Waingereza lilishika Arusha mwezi Machi na Kondoa Irangi mwezi Aprili, likipita chini ya nyanda hizi hizi za Mbulu ambazo Karatu ilikuwa sehemu yake. Inakadiriwa kwamba kwa upande wa Waingereza peke yake walitumika wapagazi wapatao milioni moja katika vita vile vya Afrika Mashariki, na makumi ya maelfu hawakurudi makwao. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo tunalolitamka kila siku tukienda kununua nyanya: Kariakoo.

Askari na wapagazi hao walikutana makambini wakiwa wametoka kila pembe. Hawakuwa na lugha moja ya nyumbani, hawakuwa na mganga mmoja wala ukoo mmoja. Walikuwa na Kiswahili na walikuwa na beni. Vita vilipokwisha kila mmoja akarudi kwao na zote mbili. Ndani ya miaka michache beni ilikuwa inachezwa Tanganyika nzima, Nairobi, Nyasaland ambayo leo ni Malawi, na Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia. Mwanachama wa Marini akishuka garimoshi katika mji asioujua, aliuliza kikundi chake kiko wapi, akapata pa kulala. Akiugua, wenziwe walimuuguza. Akifa, walimzika. Haya yalifanyika kabla hatujawa na chama cha wafanyakazi wala chama cha siasa chenye matawi mikoani.

Wakubwa wa serikali ya Kiingereza walipoona Waafrika wana majenerali, makapteni na barua zinazopita kutoka mji hadi mji, usingizi ukawaruka. Baada ya vita maofisa wa upelelezi waliandika ripoti wakishuku kuna njama ya Waafrika wote. Mwaka 1935 wachimbaji wa shaba wa Rhodesia ya Kaskazini walipogoma, tume ya uchunguzi iliulizia habari za mbeni, ambalo ni jina la beni kwa huko. Ngoma haikuwa njama. Lakini maofisa wale hawakuwa wajinga kabisa: waliona kwamba watu wanaoweza kupanga mistari arobaini wakageuka kwa mluzi mmoja, wanaweza kupanga na mengine.

Na kweli mengine yalikuja, ingawa kwa mlango ambao maofisa hawakuuangalia, mlango wa akina mama. Sambamba na beni, wanawake wa pwani walikuwa na vyama vyao vya lelemama, navyo vikishindana vivyo hivyo kwa sare, kwa karamu na kwa nyimbo. Mombasa kulikuwa na Ibinaal Watan na Banu Saada. Mwaka 1955 TANU ilipohitaji wanachama wanawake Dar es Salaam, aliyepewa kazi hiyo ni Bibi Titi Mohamed, ambaye watu walimfahamu kwa sauti yake katika kikundi cha ngoma cha Bomba. Bibi Titi hakuanza kwa kugonga mlango mmoja mmoja. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, na viongozi wakaleta watu wao. Kwa hiyo mtu akikwambia ngoma ya juzi ni mchezo wa kupoteza muda, mwulize kadi za kwanza za akina mama wa TANU zilipitia njia gani.

Sasa turudi kwenye mganda. Askari na wapagazi wa mwambao wa Ziwa Nyasa waliporudi na beni yao, hawakuwa na matarumbeta. Tarumbeta ni ghali, na likitoboka hakuna fundi. Wakatafuta kibuyu. Kibuyu hukatwa, hutobolewa tundu, na tundu hufunikwa kwa utando wa buibui, ule mweupe mzito unaofunika mayai yake. Mchezaji havumi tu kwa pumzi kama mpiga filimbi. Anatia sauti yake mwenyewe ndani ya kibuyu, utando unatetemeka, na inatoka sauti ya bendi nzima ya shaba. Upande wa Malawi chombo hicho kimeipa ngoma jina la malipenga. Kikundi huitwa boma, kina ngoma kubwa, kina wakuu wenye vyeo, na wachezaji huvaa kaptula nyeupe, soksi ndefu na viatu vilivyong'arishwa. Hatua ni za taratibu, mguu unainuliwa, unasita kidogo, unashuka. Boma la kijiji hiki hualikwa na boma la kijiji kile, hulishwa, hulazwa, na mwaka unaofuata deni hulipwa. Akina mama wana yao, kioda kwa upande wetu na chioda kwa upande wa Malawi.

Nimeeleza kirefu habari ya kibuyu kwa makusudi. Yule mzazi wa Kansay aliona kaptula na soksi akasema gwaride. Angeulizwa mkoloni gani aliyewahi kutia utando wa buibui katika tarumbeta, angefikiri mara mbili.

Nini kilitokea baadaye? Mijini beni ilianza kuzeeka katika miaka ya 1930. Makarani vijana walihamia kwenye dansi, wanaume kwa wanawake, sakafu ya saruji, gitaa na saksafoni. Dar es Salaam Jazz Band ilianza 1932, Morogoro Jazz ikafuata 1944. Kushindana kulibaki pale pale. Majina ya bendi yalichukua nafasi ya Marini na Arinoti, na hao mashabiki wa Simba na Yanga nawaachia wenyewe wajipime. Vijijini mganda uliendelea bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Uhuru ulipokuja, kile kikapu cha "asili" kilipata wenyewe. Katika miaka ya 1960 liliundwa Kundi la Taifa la Ngoma, likakusanya ngoma za makabila mbalimbali likazipeleka jukwaani. Kijiji cha Makumbusho kilifunguliwa Dar es Salaam katika miaka hiyo hiyo. Mwaka 1981 kikaanza Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, likaundwa 1984. Kazi iliyofanywa na watu hao ni kubwa, na bila Bagamoyo ziko ngoma ambazo leo tungezisikia katika kanda tu.

Lakini jukwaa lina tabia yake. Ngoma iliyochezwa usiku kucha inakatwa iwe ya dakika kumi. Waliokuwa wakishiriki wanakuwa watazamaji wenye tiketi. Sindimba ya Wamakonde imekwenda duniani kwa mtindo huo, na mtu wa Mtwara akiiona huchukua muda kuitambua. Ngoma za juzi zilikuwa na tatizo la ziada. Mtu wa kukusanya "asili" alipofika kijijini na kukuta vijana wamevaa viatu na kofia, alifunga daftari akauliza: hamna nyingine? Hata sisi wa redio tumo katika hesabu hiyo. Nimeshika mkononi kanda za zamani ambazo jalada lake linasema "ngoma ya asili", jina la wilaya, basi. Nani alicheza, kwa nini, mwaka gani ngoma hiyo ilizuka, hakuna. Redio ina masikio mazuri lakini haina macho. Inahifadhi ngoma yote isipokuwa miguu.

Jirani zetu wa Kenya wana kisa chao. Wakikuyu walikuwa na muthirigu, ngoma ya kumkejeli mmisheni na mkoloni, iliyopigwa marufuku mwaka 1930. Katika miaka ya 1940 ikavuma mwomboko: kodiani mikononi, chuma cha duara kinachogongwa kiitwacho karing'aring'a, mwanamume na mwanamke wawili wawili, hatua mbili na kuinama. Ukitazama unaona dansi ya Mzungu wa shambani, lakini ukisikiliza unasikia Gikuyu mtupu. Leo anayeicheza kwa ustadi ni mzee mwenye fimbo, na sherehe za taifa humkumbuka. Tamasha la Muziki la shule za Kenya, lenye historia inayoanzia 1927, limewapa walimu mahali pa kupeleka ngoma za kila namna, na mashindano hayo yameokoa mengi kuliko hotuba.

Zanzibar nako beni yenyewe haijafa. Inachezwa arusini, mitaani, kwa tarumbeta na ngoma, akina mama wakiwa mbele. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004, lina desturi ya kufunguliwa kwa maandamano ya ngoma barabarani. Na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa 2002, kinafundisha vijana muziki wa visiwa hivyo. Kwa nini beni iliishi Zanzibar ikafa Dar es Salaam? Nadhani jibu ni arusi. Arusi haingoji bajeti ya wizara. Kila wiki kuna mtu anaoa, kila wiki mpiga tarumbeta ana kazi, na mtoto anayefuata nyuma ya msafara anajifunza bila kujua kwamba yuko darasani.

Msidhani tatizo hili ni letu peke yetu, eti kwa kuwa hatukuandika. Miaka ile ile beni ilipokuwa ikikua Mombasa, mwanamke wa Kimarekani Isadora Duncan, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1877, alikuwa akiwashangaza Wazungu kwa kuvua viatu na kucheza peku. Huyo wanamhesabu miongoni mwa mama wa dansi ya kisasa ya kwao. Nami huwa nacheka nikifikiria: yeye alikuwa msasa kwa kuvua viatu, na kijana wa Lamu alikuwa msasa kwa kuvivaa, na wote wawili waliambiwa wameharibu ngoma. Isadora alifungua shule Grunewald, karibu na Berlin, mwaka 1904, na nyingine Moscow mwaka 1921. Alikufa Nice, Ufaransa, mwaka 1927, skafu yake iliponaswa na gurudumu la gari. Hakuacha filamu za maana za kucheza kwake. Dansi zake zipo hadi leo kwa sababu wasichana aliowalea waliwafundisha wengine, na hao wakawafundisha wengine, mkono kwa mkono, bega kwa bega. Mwaka 1928 Rudolf Laban alichapisha namna ya kuandika dansi kwa alama kama muziki unavyoandikwa. Inasaidia, lakini hata wenyewe bado humtafuta bibi anayekumbuka. Naye Martha Graham, aliyefariki 1991, aliacha dansi nyingi na ugomvi wa nani mwenyewe, mpaka mahakama ya New York mwaka 2002 ikaamua kwamba nyingi zake ni za taasisi yake na si za mrithi. Kwetu hatujafika mahakamani. Mganda una wenyewe wengi mno kiasi kwamba hauna mwenyewe.

Nikirudi kwa mwalimu wa Kansay, nitasema ninavyoona. Mganda ni ngoma. Una zaidi ya miaka mia moja nyuma yake ukihesabu na beni iliyouzaa, na umepita katika vita ambavyo vitabu vya shule huvitaja kwa majina ya majenerali wa Kizungu tu. Mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 una somo la Sanaa na Michezo, na una somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Mganda unaweza kuyafundisha yote mawili kwa mpigo mmoja, jambo ambalo ubao na chaki haviwezi. Mtoto wa Kansay tayari anaingia darasani asubuhi kwa mwendo wa gwaride na ngoma ya shule. Hajui ule mwendo umetoka wapi. Mwalimu anayeweza kumwambia amfiche kwa nini?

Hata hivyo yule mzazi asibezwe. Nusu ya neno lake ni kweli, na ni nusu nzito. Wairaqw wengi wa Karatu ni watoto na wajukuu wa waliohama kutoka Mbulu, kule Mama Isara, katika karne iliyopita wakitafuta ardhi. Walikuja na lugha yao, ambayo ni ya Kikushi na haina jamaa wengi nchini mwetu, wakaja na slufay, zile dua za wazee ambazo kiongozi hutamka na waliokaa huitikia, na wakaja na ngoma zao. Watoto wao leo wanacheza nyimbo za simu. Katika njia ya Ngorongoro kuna hoteli zinazoita vikundi kuchezea wageni, na ni riziki halali, sina neno nayo. Lakini mgeni hakai zaidi ya kinywaji kimoja, na kikundi kinajifunza kucheza kwa urefu wa kinywaji hicho. Mzazi akiona hata shule, mahali pa mwisho penye muda, imeleta ngoma ya Nyasa, ana haki ya kuuliza zamu ya Kansay ni lini.

Kwa hiyo mwalimu asiache, lakini asifundishe peke yake. Amwendee mzazi yule yule, amwambie: mzee wangu, mimi nimewapa watoto wako ngoma ya kwetu, nakuomba uje uwape ya kwenu, mimi nitakaa nyuma ya mstari nijifunze. Wazee wawili watatu na akina mama wanaojua wakubaliane siku, wapewe kiti na chai, na wasikatishwe kwa saa ya ukutani. Watoto waulize: wimbo huu ulitungwa nani akiwa hai? Ulichezwa wakati gani wa mwaka? Nani alikatazwa kuucheza? Majibu yaandikwe katika daftari la kawaida la mistari, tarehe juu. Simu ya mkononi ipige picha za miguu, siyo za nyuso peke yake kama ilivyo desturi ya simu.

Na mganda wenyewe aufundishe mzima. Nimeona shule ambazo huchukua hatua na sare tu, mwalimu akiwa jenerali, mkaguzi na mpiga mluzi. Huo kweli ni mgambo. Watoto wachague wakuu wao na wawaondoe wakishindwa. Waalike shule ya kata jirani, wailishe hata kama ni makande, na mwakani wadai kulishwa. Wasichana wasiwekwe pembeni kupiga makofi. Watunge nyimbo zao kuhusu mambo ya Kansay: maji, barabara wakati wa masika, bei ya vitunguu, tembo wanaoingia mashambani. Beni haikuwahi kuimba habari za Mombasa ilipofika Tabora.

Kuhusu waamuzi wa mashindano wanaokata alama kwa sababu ngoma "si ya asili", ningependa waniambie asili inaanza mwaka gani. Kama ni 1890, beni inaweza kuleta cheti cha kuzaliwa. Kama ni kabla ya hapo, basi na ngoma nyingine nyingi tunazozishangilia kwenye mapokezi ya Mwenge zitabidi zirudi nyumbani. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, aliandika kitabu kizima juu ya beni kikachapishwa 1975. Kiko kwa Kiingereza. Vyuo vya ualimu vingefanya jambo la maana kuwapa walimu hata kurasa ishirini za habari hizo kwa lugha ambayo beni yenyewe iliimbwa.

Mwalimu amemalizia barua yake kwa shida ndogo ambayo mimi naiona kubwa. Kansay ina baridi, vibuyu vinavyofaa si rahisi kuvipata, na watoto wamekuwa wakivumia katika vipande vya bomba la plastiki vilivyofunikwa karatasi ya nailoni. Sauti inatoka, anasema, lakini si ile. Basi nawaomba wasikilizaji wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, na hata wa mabonde ya chini ya Karatu wanaolima vibuyu: mwenye navyo, vidogo, vyenye shingo, vilivyokauka vizuri, asivitupe. Na mzee yeyote wa Nyasa anayejua ni wakati gani wa mwaka utando wa buibui hukusanywa, na namna ya kuubandika usipasuke kwa ubaridi, atuandikie. Barua nitaipeleka Kansay mimi mwenyewe kwa posta, na majibu nitayasoma hapa. Wiki ijayo, majaliwa, tutazungumzia bei ya mahindi.